Kutenganisha kemikali za moshi na hewa maabara: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Ukurasa huu ni kwa wanaotuletea sampuli za hewa au wanaofikiria kuanza kuzichukua: wanafunzi wa vyuo, maofisa afya wa kata, wenye viwanda vidogo vya Nyakato na Igoma, na kina mama wa mwaloni wanaobanika samaki na kutaka kujua wanavuta nini kila siku. Nimejibu jinsi ninavyomjibu mtu aliyesimama mlangoni mwa maabara. Maswali mengine nimeyapa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri za watu huharibika.

Kuna kifaa kidogo kinachosoma uchafu wa hewa papo hapo na kupeleka namba kwenye simu. Kwa nini nisitumie hicho tu?

Kitumie, kina kazi yake. Kinamulika chembe zinazopita na kukadiria wingi wake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka wa chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Kifaa hicho kitakuonyesha kama eneo lako liko karibu na kiwango hicho au limekipita mbali.

Ila hakijui chembe hizo ni za nini. Vumbi la barabara, masizi ya dizeli, moshi wa kuni na taka za plastiki zilizochomwa uani, vyote kwake ni namba moja. Asubuhi yenye unyevu karibu na ziwa chembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa husoma zaidi ya uhalisia. Ukitaka kujua ni kemikali gani zimo, na nani anazitoa, lazima uzikusanye, uzitoe kwenye chujio, kisha uzitenganishe moja moja.

Sampuli ya hewa inakusanywaje?

Inategemea unatafuta nini. Kemikali nzito zinazokaa kwenye masizi tunazikamata kwa pampu inayovuta hewa kupitia chujio la nyuzi za kwazi. Nyepesi zinazoelea kama gesi, mfano benzeni na toluini, tunazikamata kwa mrija mdogo wa chuma uliojazwa Tenax, unga wa plastiki unaonasa gesi, ambao baadaye tunaupasha moto ili uziachie moja kwa moja ndani ya mashine. Wengine hutumia mtungi wa chuma uliotolewa hewa yote ndani, unaofunguliwa pale uwanjani ukajivutia hewa wenyewe.

Katikati kuna kundi gumu: kemikali ambazo asubuhi ziko kwenye chembe na saa nane mchana, jua likiwaka juu ya mawe ya Igogo, zimegeuka gesi. Pireni ni mfano mzuri, ndugu mzito wa naftalini, ile inayowekwa kabatini kufukuza nondo, ambayo vidonge vyake huisha vyenyewe. Ukitumia chujio peke yake, sehemu kubwa ya kundi hili inapita na kutokea upande wa pili. Ndiyo maana nyuma ya chujio tunaweka sponji maalumu ya polyurethani. Anayeleta chujio bila sponji na kuomba kipimo cha pireni tunamweleza kwamba namba hiyo hatuwezi kumpa, hata mashine ikiitoa.

Mnasisitiza kuandika shinikizo la hewa na jotoridi. Mwanza ina nini cha pekee?

Iko juu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na pwani. Lita moja ya hewa ya Capri Point ina molekuli chache kuliko lita moja ya hewa ya Dar es Salaam.

Tuchukue mfano. Pampu inavuta mililita 20 kwa dakika kwa dakika 200, jumla lita 4. Katika jotoridi la nyuzi 25, ukizigeuza kuwa hewa ya nyuzi 20 na shinikizo la usawa wa bahari, unapata kama lita 3.4. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha benzeni cha mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na kikomo hicho kinahesabiwa kwa hali hiyo sanifu. Usiporekebisha, benzeni ya Mwanza itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa kemikali zilizo kwenye chembe, utaratibu wao ni kutumia ujazo halisi wa pale pale uwanjani. Kwa hiyo mwenye mrija na mwenye chujio hawapigi hesabu ileile, na ripoti isiyosema imetumia ujazo upi haiwezi kulinganishwa na kiwango chochote.

Pampu nayo ipimwe mtiririko hapa hapa Mwanza, kabla na baada ya kazi. Cheti cha kiwandani hakitoshi.

Kutenganisha hasa ni kufanya nini?

Mchanganyiko unaingizwa kwenye mrija mwembamba sana uliozungushwa kama koili ndani ya oveni. Mafundi huuita kolamu. Unaotumika sana una urefu wa mita 30, tundu la milimita 0.25, na ndani umepakwa utando wa mikromita 0.25. Gesi safi inasukuma mvuke wa sampuli kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wafikirie watu wawili wanaoingia soko la Mwaloni Kirumba pamoja kwa mlango mmoja. Mmoja anapita moja kwa moja, mwingine anasimama kila meza ya dagaa kuuliza bei. Hawatatoka pamoja. Kemikali inayoupenda utando inachelewa, isiyoupenda inawahi, na nzito huhitaji oveni ipande joto ndipo isogee. Tunaanza karibu nyuzi 60 na kupanda taratibu hadi 300 na ushee. Kila kemikali ikitoka, mashine inachora kilele, na mchoro mzima wa vilele huitwa kromatogramu. Muda iliotoka unatusaidia kuitambua, na ukubwa wa kilele unasema ni kiasi gani.

Mbinu hii, iitwayo kromatografia, ilianza kwa Mrusi Mikhail Tsvet, aliyetenganisha rangi za majani kwa bomba la unga wa chokaa na kuwasilisha kazi yake Warsaw mwaka 1903. Archer Martin na Richard Synge walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1952 kwa kuipeleka mbele. Mrija mwembamba kama huu wetu ulitokana na kazi ya Marcel Golay mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mashine yenu ina spektrometa inayotambua molekuli kwa uzito wake. Si inatosha? Kwa nini mhangaike na kutenganisha?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wazuri, na ndilo ningependa kila mtu alielewe.

Ndani ya moshi kuna familia ya haidrokaboni za pete nyingi. Benzo(a)pireni, benzo(e)pireni, perileni, benzo(b)fluoranteni na benzo(k)fluoranteni zote zina kaboni 20 na haidrojeni 12. Uzito wa molekuli ni 252 kwa kila moja. Spektrometa inazivunja na kutoa picha zinazokaribia kufanana kabisa. Kwa uzito peke yake huwezi kujua ipi ni ipi.

Kwa afya ya mtu, tofauti ni kubwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka benzo(a)pireni Kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Benzo(e)pireni iko Kundi la 3, ambako ushahidi hautoshi kuamua. Kiwango lengwa cha Ulaya kwa benzo(a)pireni ni nanogramu 1 tu kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kilele kimoja kikimeza cha jirani, unaweza kumwambia mama wa watu kwamba hewa ya jikoni mwake imevuka kiwango mara mbili wakati kilichopimwa ni vitu viwili.

Ukitazama kromatogramu ya moshi wa kuni kwenye uzito 252, kwanza utaona vilele viwili vya benzo(b)fluoranteni na benzo(k)fluoranteni vimegusana miguuni. Inafuata nafasi tupu. Kisha vinakuja viwili vilivyosogeleana, benzo(e)pireni ikitangulia na benzo(a)pireni ikifuata, na mwisho perileni, mara nyingi ndogo. Kati ya hivyo viwili vya katikati mstari unapaswa kushuka hadi chini kabla ya kupanda tena. Ukiishia njiani, kolamu imechoka au imechafuka.

Kuna jozi ambazo kolamu ya kawaida haizitenganishi hata ikiwa mpya. Kraiseni na trifenileni hutoka pamoja kwenye kolamu yenye asilimia 5 ya fenili, na inahitajika ya aina nyingine. Zailini ya meta na ya para pia hushikana. Maabara yenye heshima huandika majina yote mawili kwenye mstari mmoja badala ya kuchagua moja.

Mnajuaje kwamba njia yenu inafanya kazi?

Kwa kuijaribu kabla ya kugusa sampuli ya mtu, na kuendelea kuijaribu kila wiki ya kazi.

Kwanza utenganisho. Tunaingiza kila kemikali ngumu peke yake, kisha zote pamoja, na kupima umbali kati ya vilele ukilinganisha na upana wake. Namba ikifika 1.5, vimeachana kabisa. Chini ya hapo tunarekebisha mwendo wa joto, au tunakata kipande cha mwanzo wa kolamu kilichoganda uchafu. Baada ya kukata, muda wa kutoka hubadilika kwa kila kitu, hivyo orodha nzima hupimwa upya. Moshi wa kubanikia samaki ndio unaochafua zaidi, kwa sababu mafuta ya sangara yanayodondokea motoni yanarudi juu pamoja na moshi na kunasa kwenye chujio.

Pili ni kinachopotea njiani. Kabla ya kulowesha chujio kwenye kiyeyushi tunalitia matone ya kemikali zile zile ambazo haidrojeni yake imebadilishwa kuwa nzito. Kraiseni ya kawaida ina uzito 228, hii nzito ina 240. Hewani haipo, kwa hiyo tukiikuta mwishoni tunajua ni ile tuliyoitia wenyewe. Tulitia 100, tumepata 82, basi 18 imepotea kwenye kazi. Maabara nyingi hukubali kati ya asilimia 70 na 120.

Hatua inayopoteza zaidi ni kupunguza kiyeyushi. Diklorometani huchemka nyuzi 40 tu, na katika chumba chenye joto huondoka haraka kuliko unavyodhani. Tunapuliza naitrojeni polepole juu ya kichupa na kusimama pale pale kukitazama. Kikikauka kabisa, hata kwa dakika chache, naftalini na wenzake wepesi wameondoka na hawarudi. Hapa hakuna mashine ya kukusaidia, ni macho ya mtu na subira yake. Kazi hiyo ifanyiwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, maana kiyeyushi chenyewe ni sumu.

Tatu ni kupima kitu ambacho jibu lake linajulikana. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, huuza vumbi la mjini lenye namba 1649b ambalo kemikali zake zimethibitishwa. Tunalipitisha kwenye hatua zote kama sampuli ya kawaida. Likikataa, hakuna ripoti inayotoka siku hiyo.

Kwa nini nilipie pia "sampuli tupu"? Nilileta machujio matano, hesabu inasema saba.

Kwa sababu bila hizo mbili, tano zako hazina maana.

Chujio jipya lina kemikali za kiwandani na za kisanduku chake. Tunalichoma kwenye tanuru la nyuzi 500 kwa saa kadhaa, na karatasi ya foili ya kulifungia nayo inachomwa. Hata hivyo safarini linapata mengine: losheni ya mkononi, petroli kwenye nguo za mtu aliyekuja na bodaboda, moshi wa sigara. Sampuli tupu ya uwanjani ni chujio linalosafiri na mengine, linafunguliwa pale pale, linawekwa kwenye pampu bila kuwashwa, linafungwa na kurudi. Yote yanayokutwa humo yametoka kwetu wenyewe, hayakutoka hewani. Ile ya maabara inaonyesha uchafu wa viyeyushi na vyombo vyetu.

Najua bajeti za utafiti ni finyu. Mtu akiniuliza apunguze nini, namwambia apunguze vituo, asipunguze sampuli tupu.

Mnaweza kusema moshi huu ni wa kuni na huu ni wa magari?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, kwa kutumia kemikali za alama. Mti ukiungua, selulosi yake hutoa sukari iitwayo levoglukosani. Magari hutoa hopani kutoka kwenye oili ya injini. Plastiki ikichomwa hutoa trifenilibenzeni ya 1,3,5.

Levoglukosani haipiti kwenye kolamu jinsi ilivyo, kwa kuwa inang'ang'ania njiani. Tunaivalisha kwanza kwa kuichemsha na kemikali ya silikoni kwa nyuzi 70 hivi. Kemikali hiyo huharibiwa na unyevu, na msimu wa masika kichupa kilichofunguliwa asubuhi kinaweza kuwa kimekufa jioni. Pia ina ndugu wawili wenye uzito sawa, manosani na galaktosani, ambao lazima watengwe nayo.

Mkaa una habari nyingine, na huku kwetu ni lazima ukumbukwe. Selulosi ya mkaa iliharibika kwenye tanuru huko ulikochomwa, kwa hiyo jiko la mkaa hutoa levoglukosani kidogo sana. Mtafiti akipima Mabatini saa ya chakula cha jioni na kukuta levoglukosani ndogo, asikimbilie kuandika kwamba watu hawapikii miti. Wanapikia mkaa.

Upepo nao uzingatiwe. Mchana huvuma kutoka ziwani kuingia mjini, usiku hugeuka. Chujio la saa 24 huchanganya hewa mbili tofauti. Ukiweza, chukua la mchana na la usiku.

Kwenye kromatogramu yangu kuna kilima kikubwa chini ya vilele. Ni kosa?

Hapana. Ni maelfu ya kemikali za mafuta zilizotoka kwa pamoja, na kolamu moja haiziwezi. Zipo mashine zinazounganisha kolamu mbili za tabia tofauti, kila kipande kidogo kinachotoka kwenye ya kwanza kikitenganishwa upya kwenye ya pili. Kilima kinatawanyika na kuonyesha kilichokuwa kimefichwa. Mashine hizo ni ghali, na kwa maswali mengi ya huku si lazima.

Kwa nini fomaldehaidi ina mrija wake wa pekee?

Ni nyepesi na hushika vitu vingine upesi, haingoji. Mrija wake una kemikali iitwayo DNPH inayoikamata na kuigeuza kuwa kitu imara cha rangi ya manjano, tunachokitenganisha kwa kromatografia ya kimiminika na kukisoma kwa mwanga wa nanomita 360 hivi. Ozoni huharibu kazi hii, kwa hiyo mbele ya mrija huwekwa kichujio cha iodidi ya potasiamu.

Hatuna spektrometa chuoni. Tukae tu?

Msikae. Kromatografia ya kimiminika yenye kipima mng'ao inafanya kazi nzuri mno kwa haidrokaboni za pete nyingi, na kwa aisoma zile za 252, yaani ndugu wenye uzito mmoja, mara nyingi inatenganisha vizuri kuliko kolamu ya kawaida ya gesi. Upungufu wake ni kwamba asenaftileni haing'ai, hivyo haitaonekana. Mwanafunzi aliyejifunza kwenye mashine hiyo, mwenye sampuli tupu zake na hesabu ya kilichopotea, ninaiamini kazi yake kuliko ya mwenye mashine ya kisasa asiye na hivyo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Sampuli iliyokuwa ndani inarudiwa. Hatari kubwa ni kolamu kubaki na joto huku gesi haipiti, kwani oksijeni ikiingia utando unaungua. Ndiyo maana gesi haizimwi kabla oveni haijapoa. Spektrometa hufanya kazi kwenye ombwe, na ikipoteza ombwe hilo huchukua saa nyingi kutulia tena. Betri za akiba ni sehemu ya mashine, zisihesabiwe kuwa anasa.

Gesi ya heliamu ni ghali. Kuna mbadala?

Haidrojeni inafaa na hata inaharakisha kazi, ila inawaka, hivyo lazima kuwe na kigunduzi cha uvujaji. Heliamu ipo pia ardhini kwetu. Watafiti walitangaza mwaka 2016 kuwepo kwake katika bonde la Rukwa.

Nabanika sangara. Mtapima moshi, samaki, au vyote?

Mama, vyote vinapimika lakini kwa njia mbili tofauti. Samaki ana mafuta, na mafuta lazima yaondolewe kwanza, ama sivyo yanaua kolamu. Kwa samaki wa moshi, soko la Ulaya linaruhusu benzo(a)pireni isiyozidi mikrogramu 2 kwa kilo, na jumla ya nne za familia yake isiyozidi 12. Kwa pumzi yako mwenyewe, tunakuvalisha pampu ndogo kiunoni na chujio karibu na kola, ufanye kazi zako kama kawaida. Kipimo cha juu ya paa hakisemi chochote kuhusu anayeinamia jiko.

Matokeo yangu yameandikwa "chini ya kikomo". Maana yake hakuna?

Hapana. Maana yake ni kwamba kama ipo, ni chini ya kiasi tunachoweza kukitofautisha na sifuri. Tunakipata kikomo kwa kupima sampuli 7 zenye kiasi kidogo kilekile na kuzidisha mtawanyiko wake kwa 3.14. Usiandike sifuri kwenye jedwali lako. Andika alama ya "pungufu ya" na namba ya kikomo.

Niko Ukerewe. Sampuli zitafikaje zikiwa salama?

Kunja kila chujio katikati, upande wenye masizi ndani, lifunge kwa foili iliyochomwa, kisha mfuko wa kufungika, kisha boksi la barafu. Mwanga wa jua huvunja haidrokaboni hizi, kwa hiyo boksi lisiachwe wazi juani kwenye kivuko. Usiweke samaki wala dumu la petroli pamoja nazo. Kabla ya kusafiri zikae kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri ikiwezekana, na zitufikie siku ileile.

Kwenye fomu andika saa pampu ilipowashwa na kuzimwa, mtiririko wa mwanzo na wa mwisho, shinikizo, jotoridi, na kama umeme ulikatika. Andika pia kilichokuwa kikiendelea jirani: nani alikuwa anachoma taka, jiko lipi liliwaka, upepo ulitoka wapi.